Babu wa Kwenye Picha

Lokichar, Turkana
18 Januari 2025

Mama Jumwa,

Shikamoo. Ni mimi Ngumbao, mtoto wa marehemu Judy aliyekuwa mpangaji wako pale uani, Changamwe. Najua hujanisahau, lakini naanza hivyo ili Mwalimu Kaingu akiisoma barua hii asiseme nimekurupuka bila kujitambulisha. Barua yenyewe inaletwa na Kamau, dereva wa lori anayeshuka bandarini kuchukua mizigo. Huku kwetu mtandao twaupata juu ya kilima tu, na kilima chenyewe kina nyoka, kwa hivyo tuvumiliane kwa karatasi.

Mama, nina swali, na nataka unijibu kweli.

Wazikumbuka zile picha fupi za kuchekesha, nyeusi na nyeupe, alizotuachia padri pamoja na projekta yake? Wale watoto watundu wa shule, yule mnene mwenye kaptura inayomteremka, yule msichana wa utepe kichwani, na yule mzee mwenye masharubu aliyekuwa akiwafundisha. Kila Jumamosi baada ya katekisimu ulikuwa ukisimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti mkononi, ukitutafsiria Kizungu chao. Basi mwalimu mwenzangu huku anazo, zile zile, kwenye kompyuta. Ijumaa tukawaonyesha wanafunzi. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mimi nilisimama nyuma na kiburi changu, kama mtu anayeonyesha kwao, nikingoja pale babu anapowafumania wajukuu wake wakimfunga mbuzi kengele ya shule.

Kumbe sauti ya kompyuta ni safi kuliko ile ya ukumbi wa kanisa, na Kizungu siku hizi nakisikia. Yule mzee si babu yao. Hakuna pahali hata pamoja panapotajwa babu. Ni mwalimu wao tu, mtu baki, na hawapendi hata kidogo. Nimezirudia zote. Wewe ndiye uliyekuwa ukituambia, kila picha ikianza, "Huyu ni babu yao, ndiyo maana wanamchezea."

Wajua mwenyewe nilifanya nini kwa ajili ya maneno yale. Nilikuwa darasa la tatu, sina baba, sina babu. Nikamtazama mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Kaingu, nikaona masharubu ni yale yale. Nikaiba kengele ya shule nikamfunga mbuzi wa Mzee Ngala. Mbuzi akapita katikati ya uwanja, kengele ikilia na kulia, na shule nzima ikafunga vitabu ikaenda nyumbani saa nne asubuhi. Kesho yake paredi, Mwalimu alipouliza nani amefanya hivi, nikanyoosha mkono nikasema, "Ni mimi, babu." Hebu fikiri kama siku ile ningekuwa najua Kizungu.

Nijibu. Na nisalimie Mwalimu Kaingu, mwambie nakuja Aprili shule zikifungwa.

Mwanao,
Ngumbao

*

Changamwe
29 Januari 2025

Mwanangu Ngumbao,

Marahaba. Kamau amefika, amekunywa chai yangu yote na kusema haina tangawizi. Watu wa bara nao.

Wataka kweli? Kweli ni kwamba Kizungu nilikijua, tena vizuri, nimepikia Wazungu Nyali kabla hujazaliwa, kwa hivyo usinifanyie ujanja. Aliyekuwa na shida ni Mzee Ngala katekista. Jumamosi ya kwanza aliona wale watoto wamemwagia mwalimu wao wino ndani ya kofia. Akainuka, akasema picha hizi zafundisha watoto kukosa adabu kwa walimu, na kuanzia leo projekta itafungiwa sakristia. Nyinyi mlikuwa mmekaa kwenye mikeka, mmejaa ukumbi, wengine hamjawahi kuona picha maishani. Mimi nina kipaza sauti mkononi. Nikasema, "Keti, Mzee Ngala. Huyo si mwalimu wao tu, ni tsawe wao. Ni babu yao, mzaa baba."

Akaketi. Mgiriama gani atamkataza mjukuu kumtania babu yake? Mjukuu amwita nyanya yake mke wangu, babu akawa mume mwenzake, na wakagombana kutwa. Atamwambia ana kichwa kama dafu, atamfichia fimbo, na babu hana ruhusa ya kukasirika, atamrudishia tu. Kwa hivyo picha zikaendelea, na Mzee Ngala mwenyewe akawa ndiye afikaye wa kwanza na kiti chake. Sijuti, na ukiniletea picha nyingine leo nitaitafsiri vivyo hivyo.

Sasa keti chini nikupe habari. Mwalimu Kaingu mguu wake wa kushoto umeharibika. Ni ile sukari yake. Alipata kidonda kidogo cha kidole akakificha ndani ya soksi, hakumwambia mtu, mpaka harufu ikamsema. Daktari ameamua mguu ukatwe chini ya goti, na iwe upesi, la sivyo sumu itapanda na tutamzika. Amekataa. Asema alizaliwa na miguu miwili na atazikwa nayo. Simu ameizima akaifungia kabatini kwa sababu kila mtu alikuwa akimpigia kumshauri.

Bintiye Mercyline ametoka Nairobi, yuko hapa, yualia jikoni. Lakini mtoto wa kumzaa atamwambiaje babake maneno ya kukatwa mguu? Hajawahi kumkanya tangu azaliwe, ataanza leo? Padri alikuja akajibiwa kwa Kilatini. Mimi nimemsema, akaniambia nirudi kwenye projekta yangu.

Umebaki wewe. Najua huwezi kutoka huko, walimu mko wawili na darasa la mtihani ni lako. Basi andika. Karatasi hawezi kuikataa, ndio ugonjwa wake mwingine. Mwandikie kama mjukuu. Mtukane barabara, ucheke huo mguu, umuudhi mpaka ainuke aende hospitali. Hakuna mwingine mwenye ruhusa hiyo.

Mamako,
Jumwa

*

Lokichar
8 Februari 2025

Mume mwenzangu,

Sikuamkii, kwa sababu nasikia umekuwa mtoto mdogo, waficha kidonda ndani ya soksi kama anayeficha peremende asiombwe na wenzake. Nasikia pia huo mguu wanuka mpaka paka wa Mama Jumwa wamehamia Miritini.

Na ni mguu gani wenyewe wa kuugombania hivyo? Tangu zamani haukuwa mzuri. Ulikuwa ukienda upande kama kaa, na shule nzima tulikuwa twakuiga ukigeuka. Wauguzi wakiukata hawatajua waupeleke wapi, hata mbwa watauuliza umri.

Usidhani ukifa nitalia. Nitafanya yangu ya mjukuu. Nitavaa lile koti lako la kahawia, nijichore masharubu kwa mkaa, nipite mbele ya jeneza nikichechemea, niwaambie waombolezaji kwa sauti yako, "Nyinyi huko nyuma, nawaona." Watu watacheka mpaka padri apoteze ukurasa. Nawe utakuwa umelala hapo na miguu yako yote miwili, na hata mmoja hautainuka kunifukuza.

Sasa, babu, naacha mzaha.

Juzi nimetazama tena zile picha za ukumbini na nimejua kwamba Mama Jumwa alitudanganya. Yule mzee hakuwa babu wa mtu. Kwa hivyo siku ile paredi hukuwa na sababu yoyote ya kunikubali. Ungenichapa na ungekuwa na haki. Badala yake ulinitazama kitambo, ukasema mbele ya shule nzima, "Basi, mume mwenzangu, mchana utakula kwangu, nikuone ulavyo." Nilikula kwako mpaka nikamaliza darasa la nane. Viatu vya kwendea sekondari vilitoka kwako. Mama alipofariki, wewe ndiye uliyesimama na mimi kaburini.

Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru leo kwa yote, kutoka moyoni. Mimi si damu yako na hukuwa na wajibu wowote kwangu, na bado ulinilea. Mungu akulipe. Nenda hospitali, nakuomba sana.

Ngumbao

*

Changamwe
17 Februari 2025

Ndugu Ngumbao,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa dereva. Nimefahamishwa kwamba picha zilitafsiriwa visivyo, na kwamba mimi na wewe si damu moja. Hilo la pili nililijua.

Shukrani zako nimezipokea zote. Mtu akishashukuru kwa utaratibu namna hiyo, basi shughuli imekwisha na kila mmoja ashike njia yake. Kuhusu mguu, uamuzi wangu ni ule ule.

Nakutakia mafanikio katika kazi yako.

Mwl. K. Kaingu
Mwalimu Mkuu Mstaafu

*

Changamwe
17 Februari 2025

Ngumbao,

Kamau ananingoja na injini inanguruma, naandika juu ya goti. Umefanya nini, mwanangu?

Nilikuwapo akiisoma. Ukurasa wa kwanza alicheka. Alicheka hasa, mpaka Mercyline akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alitusomea ile ya koti na masharubu ya mkaa kwa sauti, akafuta macho, akasema, "Mshenzi mkubwa huyu," kisha akauliza viatu vyake vya kutokea viko wapi. Nikajua tumeshinda. Mercyline alikwisha anza kutafuta teksi.

Halafu akageuza karatasi. Alipomaliza aliikunja, akaiweka chini ya mto, akamwambia bintiye, "Amenishukuru." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nani alikutuma umshukuru? Nilikwambia umtukane. Wewe ni mwalimu, umesoma mpaka umesahau ya kwenu? Mgeni ndiye anayeshukuru, akishakula na kunawa mikono na kuaga. Mjukuu hashukuru. Mjukuu ala, aomba tena, na alalamika nyama ilikuwa kidogo. Wewe umemwambia si damu yako, umemwambia hakuwa na wajibu, ukamwachia Mungu amlipe. Hizo ni kwaheri tatu kwenye karatasi moja. Amelala amegeukia ukuta, hata kidonda hataki kifunguliwe, na weusi umefika kwenye kifundo. Daktari hatoi tena muda, asema ni siku tu.

Rekebisha. Na usimwombe radhi, hayo pia ni ya wageni. Mdai kitu. Kiwe kikubwa, na kimuudhi.

Jumwa

*

Lokichar
21 Februari 2025

Kaingu,

Waniandikia "Ndugu"? Ndugu yako nani? Na hayo mafanikio uliyonitakia nimeyarudisha na Kamau, yako chini ya kiti cha lori, ukayachukue mwenyewe.

Ile asante ilikuwa homa. Kuna mbu huku. Isahau.

Nina madai. Nina mchumba, hukumjua kwa sababu nilitaka kukwambia kwa mdomo Aprili. Anaitwa Pascalia, mwalimu wa chekechea, kwao Likoni, ukielekea Shelly Beach. Wazee wake wamesema hawapokei posa ya kijana anayejiletea marafiki zake wenye miwani ya jua. Wanataka mzee wa nyumba, mwenye kauli, aje aketi aseme. Jumamosi ya pili ya Julai wametupa. Mimi mzee wa nyumba ninaye mmoja tu duniani, na nasikia amelala akitazama ukuta kwa sababu ya kidole. Wataka nipeleke nani Likoni? Nipeleke jeneza likaniposee?

Posa yasemwa kwa mdomo, babu. Sijasikia daktari akitaja kukata mdomo wako, na Mungu ajua angekuwa amewafanyia wengi hisani. Utaketi kwenye kiti, utapewa chai, utawapa yale maneno yako marefu ya paredi mpaka wachoke watoe binti. Hiyo kazi yataka mguu gani?

Usipokwenda hospitali utaniacha kapera. Na kila atakayeniuliza kwa nini sijaoa, nitamjibu babu yangu alipenda soksi yake kuliko mimi. Nitaisema kanisani, nitaisema sokoni Kongowea, nitawafundisha wanafunzi wangu waiimbe.

Lile koti la kahawia nalitaka pia, nitalivaa harusini, kwa hivyo usithubutu kuzikwa nalo. Nataka kile kitanda cha chumba cha mbele. Nataka watoto wangu wapate mtu wa kumfichia fimbo, na fimbo utakuwa nayo sasa, kwa hivyo usiniambie mambo yamekuharibikia. Habari za kufa usiniletee mwaka huu, sina nafasi nazo. Nina darasa la mtihani na nina posa.

Nikija Aprili nataka kukuta kuku ameshachinjwa. Mara ya mwisho ulinipa shingo.

Mjukuu wako, utake usitake,
Ngumbao

*

Changamwe
4 Machi 2025

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi ya hospitali.

Aliisoma kimya mpaka mwisho. Akairudia. Kisha akamwita Mercyline, akamwambia, "Nitolee simu kabatini. Na koti langu ulifungie humo humo, kuna mwizi Turkana." Halafu akaniuliza mimi, kwa ukali, ni shingo gani unayoisema, kwamba yeye hakuwahi kukupa shingo, alikupa paja na wewe ukalidondosha. Walibishana peke yao yeye na karatasi mpaka teksi ikafika.

Amekatwa jana. Kabla ya kuingizwa ndani alimwambia daktari afanye hima, ana posa Likoni. Amezinduka vizuri. Neno lake la kwanza aliuliza Julai ni mwezi wa ngapi kutoka huu, na Mercyline badala ya kumjibu akalia, akakaripiwa.

Kuna chumba cha ibada hapa ghorofa ya chini. Nimeshuka nikapiga magoti, nikashukuru kwa niaba yako, kwa kuwa wewe hukuruhusiwa. Nilikaa sana. Mlinzi alikuja kuniuliza kama naumwa.

Jumwa

*

Changamwe
13 Julai 2025

Ngumbao,

Mama Jumwa alitaka nikupigie simu wewe uipandie kilima cha nyoka. Nimekataa. Habari ya posa haitolewi kwa simu inayokatika katikati.

Tumekwenda jana. Mercyline alikodi gari akataka tuzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu ili nisitaabike na feri. Nikamwambia Likoni nimeivukia kwenye feri maisha yangu yote kwa miguu miwili, na nitaivukia kwa mmoja. Nilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Watu wakapisha, tukapanda mbele ya umati wote, tukashuka wa kwanza. Ningejua ningekatwa mapema.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa Aprili, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kula. Kule wodini Mercyline alinionyesha zile picha kwa simu, na sauti yake kamili. Niliziona ukumbini zamani nikisimama mlangoni, nisionekane na wanafunzi, na mimi pia niliyaamini maneno ya Jumwa. Sasa nimesikia mwenyewe. Ni kama ulivyosema. Yule mwalimu hana mjukuu hata mmoja. Anafukuzana na watoto wa watu picha nzima, na mwisho wamwacha amekaa matopeni na kofia yake, wanakimbia. Wauguzi walicheka sana. Mimi nilimhurumia, nikamwambia Mercyline azime. Jumwa alimtendea wema kuliko wale waliomtengeneza.

Turudi Likoni. Walitupokea kwa heshima. Bibi yake Pascalia ana mdomo hasa. Hata sijasalimu aliniuliza mguu mwingine nimeuacha wapi. Nikamwambia nimeuacha nyumbani unalinda kuku, kwa kuwa nina mjukuu mwizi. Tukaelewana hapo hapo. Nikasema yangu niliyoandaa, na hayakuwa marefu, atakayekwambia yalikuwa marefu ni Jumwa na hajui kupima. Nilieleza kazi yako, tabia yako, kasoro zako pia kwa kiasi, wasije kusema tuliwaficha.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba wake, mmoja aitwaye Munga, mtu mkimya aliyekaa pembeni muda wote, akauliza, "Samahani, mzee. Wewe ni babu wa kijana kwa kuumeni au kwa kukeni?"

Jumwa akafungua mdomo, nikaona anataka kutafsiri, nikamkanyaga kwa mguu huo huo mmoja.

Nakwambia kweli, sikuwa nimelifikiria swali hilo. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Mamako, Mungu amrehemu, hakunitajia jina la babako, na mimi sikumuuliza. Niliwatazama wale wazee mmoja mmoja. Nilikuwa na hofu, Ngumbao, hofu ambayo sikuwa nayo hata mezani kwa daktari, kwamba watakuja kukunyima mke kwa sababu yangu.

Nikawajibu, "Kote kuwili."

Munga akanitazama. Nami nikamtazama, kama nilivyokuwa nikiwatazama nyinyi paredi. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na Munga mwenyewe akainuka akakisogeza kiti changu karibu na meza. Pilau ikaletwa. Wamekubali.

Sasa utakapokwenda kujitambulisha mwezi wa nane, yule Munga atakuuliza tena, namjua mtu wa aina ile. Jibu vivyo hivyo nilivyojibu mimi. Kuumeni na kukeni, kote. Usibabaike, wala usianze kueleza, usije ukanitia uongo mbele ya wakwe.

Babu yako,
Kaingu